Amari Ndefu

Mama aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 61, na siku hiyo hakuitazama. Tulishuka mwendokasi pale Kivukoni, tukachukua bajaji, tukafuata barabara ya ufukweni kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Muda wote maji yalikuwa upande wetu wa kulia, yanametameta, na yeye alikuwa ameinamia bahasha ya kaki yenye majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa na barua ya rufaa. Aliishika kwa mikono miwili, kama anavyoshika kikapu cha mayai akienda sokoni Tukuyu. Nikamwambia, "Mama, ndiyo bahari hiyo." Akajibu, "Nitaiona nikitoka."

Ilikuwa Februari 2022. Tangu hapo watu wengi, hasa kina mama wa kanisani wenye wagonjwa wao, wameniuliza tulivukaje. Najua jibu wanalotaka kulisikia: kwamba tuliomba, Mungu akasikia, Mama akapona. Silitoi hivyo. Tuliomba, tena sana. Lakini pale hospitalini nilikaa benchi moja na watu walioomba kuliko sisi, na baadhi yao tumewazika. Nikisema Mama yuko hai kwa sababu ya maombi yetu, nitakuwa nimewaambia watoto wao nini?

Mama ni mtu wa Rungwe, Mnyakyusa wa milimani, kwenye mvua na migomba na chai. Ni Mmoraviani wa tangu tumboni. Wamisionari wa kwanza wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kwa Mama historia hiyo ni mali ya nyumba yake mwenyewe, kama shamba. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, hufungua kijitabu cha neno la kila siku. Wasioijua desturi hii niwaeleze kidogo, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani, aliwapa waumini wenzake mstari mmoja wa kwenda nao kesho yake. Watu wakaupenda utaratibu huo. Mwaka 1731 ukatoka mkusanyo wa kwanza uliochapwa wenye mistari ya mwaka mzima, na haujakatika hadi leo. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura: kuna bakuli la fedha lenye vikaratasi zaidi ya 1,800, kinachotwa kimoja kwa kila siku ya mwaka, kisha mstari wa Agano Jipya huchaguliwa wa kwenda nacho. Kura hupigwa miaka mitatu kabla. Maana yake maneno tuliyokuwa tunayasoma mwaka 2022 yalitoka bakulini mwaka 2019, wakati Mama hajaona hata tone la kwanza la damu.

Mimi jambo hilo lilinishika vibaya. Asubuhi ya majibu niliamka saa kumi na moja nikafungua kijitabu kabla yake. Nilitaka kujua. Niliona kwamba kama Mungu alijua tangu 2019, basi lazima ameacha ishara hapo, na kama mstari utataja uponyaji nitajua Mama anapona. Mstari ulihusu mfalme fulani na vita vyake. Nikausoma mara tano nikitafuta saratani ndani yake. Kesho yake nikafanya hivyo hivyo, na keshokutwa. Siku ya neno tamu nilishinda nikiimba, siku ya neno kali chakula hakikupita.

Mama aliligundua kabla sijamwambia. Alinikuta nimekaa na kijitabu mapajani, akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, neno si la kupiga ramli." Akakichukua, akausoma mstari wa siku hiyo kwa sauti, polepole, kama anavyousoma siku zote, akakifunga, akaenda kuoga.

Niseme jambo kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu ukimya ndio uliotuchelewesha. Mama alikuwa amekoma hedhi miaka mingi. Mwaka 2021 akaanza kutoka damu, kidogo kidogo, akaificha. Aliona aibu. Aliposhindwa kuificha alikwenda kwenye zahanati, akapewa vidonge, damu ikapungua, ikarudi, akapewa vingine. Miezi minane ilipita hivyo. Mke wa kaka yangu ndiye aliyeona kanga zilizolowekwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, akapiga simu kwangu analia. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Karibu kila saratani ya aina hii huanzishwa na kirusi kinachoitwa HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Ndani ya miaka hiyo yote ingeweza kukamatwa. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: mhudumu anapaka siki mlangoni mwa kizazi, anasubiri kama dakika moja, akiangalia kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Siki! Mama ana chupa ya siki jikoni. Niliposikia hivyo nililia kuliko siku ya majibu. Mama yeyote anayesoma hapa, damu ya mtu aliyekwisha kukoma hedhi si ya kungojea hata wiki.

Basi Mama akaja kukaa kwangu Kimara. Daktari alitueleza vizuri, kwa Kiswahili, bila haraka: mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, kila wiki mara moja dripu ya dawa ya saratani, kisha mionzi ya ndani. Aliposema maji ya kunywa yawe mengi siku za dripu ili figo zisiumie, Mama aliuliza mengi ni kiasi gani, na akaandika jibu nyuma ya kijitabu chake. Nikamuuliza daktari swali langu: atapona? Akasema, "Tunatibu kwa nia ya kuponya." Nilitaka neno jingine baada ya hapo. Hakuliongeza.

Siku ya tatu ya mionzi ndipo Mama alipoitazama bahari. Tulikuwa tumemaliza mapema, mwili bado una nguvu, tukakaa kwenye benchi mahali unapopata upepo. Mbele, mbali kidogo, zilikuwa meli zimesimama, kubwa, sita au saba, zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Mama akauliza mbona haziendi. Nikamwambia zimetia nanga. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Nanga ya Waebrania."

Nilielewa. Katika Waebrania sura ya sita tumaini limefananishwa na nanga ya roho. Mama ameufundisha mstari huo kwa watoto wa shule ya Jumapili kwa zaidi ya miaka 20, na hakuwahi kuona nanga. Ziwa Nyasa alikwenda mara moja, Matema, na mitumbwi aliyoiona pale ilikuwa imevutwa ikalazwa mchangani. Aliniambia siku zote alikuwa akiwachorea watoto kitu kama jembe.

"Si mbali sana na jembe," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa benchi.

Ndivyo tulivyomjua Bi wa Kilwa. Jina lake halisi nitalihifadhi; Mama alimwita hivyo na yeye alimwita Mama "dada wa Mbeya", ingawa Mama alimsahihisha mara nyingi kwamba si Mbeya, ni Rungwe. Alikuwa na ugonjwa uleule, ila wake ulichelewa zaidi. Marehemu mumewe alikuwa nahodha wa jahazi, na yeye mwenyewe tangu utoto alikula, akavaa, akaolewa kwa hela ya bahari. Alivaa buibui, na tasbihi haikutoka mkononi mwake. Mama aliomba kwa jina la Yesu, yeye akavuta tasbihi, wakakaa bega kwa bega wiki tano wakigawana machungwa, na sikuwahi kumsikia mmoja akimtaka mwenzake awe mwingine.

Bi wa Kilwa akamfundisha Mama nanga. Alisema watu wa bara hudhani nanga inashika kwa uzito wake. La, uzito unaipeleka chini tu. Inashika kwa kulala. Ikifika chini inalala ubavu, kamba inavutwa kwa mbali, ndipo ncha inapozama kwenye tope. Hiyo kamba inaitwa amari, na amari lazima iwe ndefu, ndefu kuliko kina cha maji mara kadhaa. Ukiona uvivu au uroho ukaipa amari fupi, wimbi la kwanza litaiinua nanga juu badala ya kuivuta, itang'oka, mtaamka asubuhi mko mwambani. "Mtu mwenye pupa usimpe nanga," alisema. "Mpe kasia."

Mama akauliza, nanga ikishika, chombo kinatulia? Bi wa Kilwa akacheka. Kitatulia vipi na maji yanakwenda? Kinayumba, kinapanda, kinashuka, kinageuka. Ila hakiondoki.

Jioni ile kwenye mwendokasi, kijana mmoja alimpisha Mama kiti, Mama akakaa dirishani, na tangu Kivukoni hadi Kimara hakusema kitu. Nilidhani ni uchovu. Tulipofika nyumbani akaomba kalamu. Pale alipokuwa ameandika lita za maji, chini yake akaandika: amari.

Kuanzia siku hiyo alizipekua meli kila tulipofika, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Wiki ya pili akaniita kwa kelele, nikadhani ameanguka. "Zimegeuka zote!" Kweli. Asubuhi zilikuwa zimeangalia upande mmoja, sasa mchana zote zimegeuka pamoja, bila hata moja kuondoka mahali pake. Bi wa Kilwa akamweleza ni mkondo, maji kujaa na kutoka. Akamfundisha kwamba mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi. Mama alifurahia maneno hayo kama mtoto.

Nataka nisimame kwenye wiki ya tatu, maana hapo ndipo damu ilipomwishia mwilini. Walipima wingi wa damu, ikasoma 7. Daktari alieleza kwamba mionzi hufanya kazi vizuri zaidi penye damu ya kutosha, kwa sababu ya oksijeni. Na damu ikishuka hivyo, dripu husubiri. Akahitaji kuongezewa, na ndugu tukaombwa tuje kuchangia ili benki isibaki tupu. Mimi mwenyewe sikukubaliwa, nilikuwa nanyonyesha. Kaka yuko Rungwe, kilomita zaidi ya 800. Nikapiga simu kwa mzee wa kanisa wa ushirika wetu, nikamweleza, nikamwambia mtuombee. Akasema, "Tutaomba. Mnahitaji watu wangapi?"

Walikuja vijana saba siku iliyofuata, kabla ya saa mbili asubuhi, wengine wakiwa na sare za kazi. Bodaboda wawili. Binti mmoja wa kwaya uzito haukutosha, akabaki nje akimshikia kila mmoja simu na kofia. Hawakuwa wakimjua Mama. Alikuwa amesali kwetu Jumapili mbili tu. Nilikuwa nimemaliza siku nyingi nikimdai Mungu neno, nikifungua kijitabu kama mtu anayefungua bahasha ya matokeo ya mtihani, na asubuhi ile jibu likawa limelala kwenye vitanda sita, mikono imenyooshwa, linakunja na kukunjua ngumi. Katika Marko sura ya pili wapo wale wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakatoboa dari, wakamshusha. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao. Ya mgonjwa haikutajwa. Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu utoto na kile kiwakilishi kilikuwa kimenipita. Mimi wiki ile sikuwa na imani ya kumfikisha mtu popote. Walibeba wao.

Mama alipoonyeshwa mfuko wa damu umening'inia, akauliza ni ya nani. Muuguzi akamwambia hawezi kujua, mifuko imechanganyika na ya watu wengine huko benki. Mama akasema, "Ndaga," akiutazama ule mfuko. Ndaga fijo. Ni asante ya kwetu.

Katika wiki hiyohiyo jirani yangu, mtu mwema, alitushawishi twende kwa mtumishi mmoja anayeombea wagonjwa. Sitalitaja jina wala mahali. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kutokwenda. Mwenye mgonjwa atanielewa. Tulikaa saa nne. Zamu yetu ilipofika, akamshika Mama kichwa, akatangaza mbele ya watu kwamba ndani ya siku 21 uvimbe utayeyuka, ila mionzi ni kufuru, ni kumwambia Mungu hatumwamini, iachwe leo. Kisha bahasha ya sadaka, na kiwango kimetajwa. Mimi nilikuwa natetemeka. Nilikuwa nimetafuta kwa mwezi mzima mtu wa kuniambia kwa uhakika, na huyu hapa, kaniambia, na tarehe juu.

Mama akauliza kwa adabu kama anaweza kwenda chooni. Tukatoka, hatukurudi. Njiani akasema, "Daktari amesoma miaka yote ile, hakuniahidi. Neno nimelisoma tangu nijue kusoma, halikuniahidi siku 21. Huyu amezipata wapi?" Baadaye kidogo akaongeza, "Amenipa amari fupi."

Nina hasira na watu hao hadi leo, na siombi radhi kwa hasira hiyo. Pale Ocean Road nilikutana na mwanamke aliyeacha tiba katikati kwa neno la namna hiyo, akarudi baada ya miezi mitano amebebwa. Wapo wachungaji wa kweli. Mchungaji wetu alikuja nyumbani jioni, akampaka Mama mafuta kama Yakobo alivyoagiza, akaomba maombi mafupi, akaomba na kwa ajili ya madaktari na mitambo yao, kisha kabla ya kunywa chai akauliza, "Kesho mionzi ni saa ngapi? Gari langu halina kazi asubuhi."

Wiki ya nne ilikuwa mbaya. Kuharisha hakukukoma, kichefuchefu, ngozi imeiva. Mama mwenye mwili wa shamba akawa mwepesi hata mimi namwinua peke yangu. Usiku wa Alhamisi, kama saa nane, nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, mgongo ukutani. Nikakaa naye. Akasema, "Mwanangu, nimechoka kuomba. Sina neno."

Na mimi sikuwa nalo. Ningeweza kumwambia amini tu, Mama. Ulimi ulikataa. Nikachukua simu, nikafungua Zaburi, na sijui kwa nini nilikwenda ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka kabla ya kwisha. Mtu analia, kisha mwishoni anasifu. Hii haigeuki. Mtu analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu mbona amemficha uso, na inaishia gizani, basi. Nilimsomea yote kwa sauti ya chini, mtoto asiamke.

Nilipomaliza, Mama alikaa kimya. Kisha akauliza, "Na hiyo imo humo?"

"Imo."

"Wameiacha hivyohivyo?"

"Wameiacha."

Akavuta pumzi. "Basi niinue nikalale."

Nimefikiri sana kuhusu usiku ule. Kama kuna saa moja ambayo naweza kuionyesha nikasema tumaini liliingia nyumbani kwangu, ni hiyo, saa nane usiku, bafuni, kwa zaburi isiyo na mwanga ndani yake. Nilikuwa nimedhani tumaini ni kuhisi kwamba mambo yatakuwa mema. Sikuhisi hivyo, na Mama hakuhisi. Tulichokuwa nacho ni kwamba hata kilio hicho, hata kutokuwa na neno, kina mahali pake mbele za Mungu, kimehifadhiwa, kinasomwa na kanisa. Hatukuwa tumeanguka nje. Nanga haionekani wakati inafanya kazi. Bi wa Kilwa alikuwa ametuambia hilo mapema. Ukiiona nanga yako ujue haipo chini.

Mionzi ya ndani sitaieleza sana. Ni jambo la faragha na lina maumivu yake, na Mama hataki liandikwe zaidi ya hivi: alikuwa akitaja majina ya wajukuu wake mmoja mmoja hadi inakwisha, na muuguzi mmoja alijifunza majina hayo akawa anayataja pamoja naye.

Bi wa Kilwa alimaliza kabla yetu, au tuseme waliacha kumpa mionzi. Mwanawe wa kiume alikuja kumchukua. Siku ya kuagana alimpa Mama kanga mpya, doti nzima, na Mama akampa kilo mbili za majani ya chai ya Rungwe aliyoletewa na basi. Mama alianza kulia. Bi wa Kilwa akamshika mkono akasema, "Tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mama hakuujua msemo huo. Ngama, akaelezwa, ni pale chini kabisa chomboni, maji yanapokusanyikia; ukianzia mbele ukianzia nyuma, mwisho utashuka humo humo. Halafu akasema, na nakumbuka alivyosema kwa sababu alinitazama mimi, si Mama: "Usimchoshe mama yako na kumuuliza kama atapona. Muulize kama ameshiba."

Alifariki Julai, Kilwa. Mwanawe alitupigia simu. Mama alikuwa amekwisha kurudi Rungwe, na aliposikia alikwenda kanisani siku hiyohiyo, si siku ya ibada, akakaa peke yake. Sikumuuliza alimwombea nini wala alimwombeaje. Najua kwamba ile kanga haivai shambani.

Mama bado yumo kwenye uangalizi. Mwanzoni alikuja kila baada ya miezi mitatu, sasa nafasi imepanuka. Kila safari ina usiku wake: basi kutoka Tukuyu, Kitonga, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, Mikumi, hadi stendi ya Mbezi, na njia nzima tunajua kwamba majibu yanaweza kuwa yoyote. Hadi sasa yamekuwa mema. Nashukuru kwa kila jibu jema na sijui lijalo. Kijitabu nakisoma kila asubuhi. Siku hizi nasoma mstari wa leo tu, nikifika mwisho nafunga. Napenda kufikiri kwamba asubuhi hiyohiyo mtu yuko Herrnhut anausoma, na Mama yuko jikoni anausoma, kila mmoja na yake.

Mwaka 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kuanzia miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 10. Mama alikuwa kwangu kwa ajili ya kliniki, akasema mjukuu huyu atampeleka yeye. Walitoka asubuhi wameshikana mikono. Walirudi na barafu za ukwaju, mtoto analalamika mkono, na bibi yake akaniambia amewahubiria kina mama wote waliokuwa kwenye foleni habari za siki.

Ofisi yangu iko Posta. Mara mojamoja, mchana, simu inaita, ni Mama, huko mvua inanyesha juu ya bati nasikia. Baada ya salamu, na baada ya kuniuliza watoto na baba yao, anauliza, "Meli zimeangalia wapi leo?"

Kama nina dakika 15 natembea hadi ufukweni. Leo nimetembea. Zilikuwa tano.

"Omo zote zimeangalia Kigamboni, Mama."

"Maji yanajaa au yanatoka?"

"Sijui, Mama."

"Muulize mtu wa pwani," akasema. "Mimi nangoja."